Miguu Minane Mstari wa Mbele

Mimi Atupele sipendi kuambiwa la kufanya. Ndiyo maana Bi Hajra aliponivuta pembeni kabla ya mechi pale Kurui, nikamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," naye baada ya kuitikia marahaba akaniambia nimwachie mwanawe, damu ilinichemka.

"Nimwachie vipi, mama? Nimemshika?"

"Umemshika," alisema. "Viatu vyake vya mpira viko kwenye sanduku, uvunguni mwa kitanda changu. Kila mkicheza, nikivitazama nakuta udongo mbichi. Mwanangu hapumziki, Atu."

Mwanawe ni Swaumu. Tulishona mifuko pamoja kiwandani Zegereni, na kwenye timu yetu ya wanawake alikuwa namba moja, mimi namba mbili na nahodha. Wasiojua raga niwaeleze: skramu ikifungwa, mstari wa mbele ni watu watatu walioshikana, vichwa chini, wanasukumana na watatu wa upande wa pili, na kila upande una wengine watano wanaosukuma kwa nyuma. Mimi nipo katikati. Kwa hiyo mkono wangu wa kushoto ulilala mgongoni kwa Swaumu mechi zote tulizocheza. Halafu lori likamgonga pale Maili Moja akivuka barabara. Tukamzika kwao Kurui, tanga likaanuliwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Mimi sikuweza. Mtu akisema "marehemu Swaumu" nilikuwa nasimama na kuondoka. Zamani tukisukuma skramu nilikuwa napaza sauti, "Haya!" Baada ya msiba nikabadilisha, nikawa naita, "Swaumu!" na wenzangu wanasukuma. Nilisema ni kumuenzi. Muongo mimi, nilikuwa namwita tu kwa sababu nilimtaka.

"Kwetu huku aliyefariki hatajwi kwa jina tupu," Bi Hajra aliniambia. "Unatanguliza marehemu. Ukimwita kama aliye hai, ataitika kama aliye hai."

"Mama, tusianze mambo ya uswahilini, nina mechi."

Nilimjibu hivyo, mama wa watu. Alijitanda kanga yake akaenda kusimama kwenye chaki, ukingoni mwa uwanja, mvua ya rasharasha ikimlowesha.

Wapinzani wetu walikuwa timu ya Kisarawe. Nahodha wao, Zuwena, ana mdomo kuliko mimi, na mwamuzi alikuwa Mwalimu Laurean, mtu anayelala na kitabu cha sheria kifuani. Wingu lilishuka mpaka juu ya migomba, na magoli ya upande wa pili yakawa hayaonekani vizuri. Nafasi ya Swaumu alicheza Firdausi, binti mwepesi ambaye kwa kawaida husukumwa kama pazia.

Siku hiyo hakusukumwa. Kipindi cha pili tulikuwa nyuma kwa pointi tatu, tukapata skramu karibu na mstari wao. Nikaita, "Swaumu!" Loo! Tulienda kama tumefungwa injini. Wale wote wanane wakarudi kinyumenyume hadi nyuma ya mstari, tukaulalia mpira. Trai, pointi tano. Teke la nyongeza tukalikosa, tukawa mbele kwa mbili. Wenzangu wanaruka, Firdausi kasimama peke yake kajishika bega.

"Dada Atu," alininong'oneza, "nani alinishika bega la kushoto?"

"Umeshikwa na mimi."

"Wewe uko kulia kwangu, dada. Kushoto kwangu hakuna mtu."

Nikamwambia aache ujinga. Lakini hata mimi mkono wangu ulikuwa umegusa kitu. Ulivuka mgongo wa Firdausi ukakuta mgongo mwingine, mpana, wa baridi, ninaoujua. Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Woga ulikuja baadaye.

Muda ulikuwa unayoyoma. Mwenzetu akaudondosha mpira mbele, karibu kabisa na magoli yetu, Kisarawe wakapewa skramu. Hapo Zuwena akanyoosha mkono.

"Mwalimu, napinga idadi. Hawa wako kumi na sita."

"Ala!" nikacheka. "Mkisukumwa ndiyo mnajua hesabu?"

"Atu, sitanii. Nimewaona."

Mwalimu Laurean akatupanga mstari mmoja, akatupita akitugusa kichwa mmoja mmoja. Tulikuwa kumi na tano, idadi kamili ya timu. Nikamtolea Zuwena ulimi. Mwalimu akasema skramu iendelee.

"Inama!" Tukainama. "Shikana!" Tukashikana. Halafu kimya. Neno la kuingia halikuja. Tukabaki vile, pumzi zetu zikitoka moshi katika mvua, mpaka miguu ikaanza kuuma.

"Mstari wa mbele ni watu watatu," Mwalimu alisema polepole, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Hawazidi, hawapungui. Nahodha, chini hapa naona miguu minane."

Nikageuza kichwa nikachungulia chini ya kifua cha Firdausi. Niliona viatu vyake. Kando yake, kushoto, kulikuwa na viatu vingine vimezama kwenye tope. Cha kulia kilikuwa na kamba nyeupe. Cha kushoto kilifungwa kwa uzi wa kijani wa kushonea mifuko, uzi niliomkatia mwenyewe kiwandani kamba yake ilipokatika. Firdausi alianza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Tukaachiana. Tuliposimama, kulikuwa na sisi kumi na tano tu.

Mwalimu alikuja karibu, jasho na mvua vikimtiririka pamoja. "Sikiliza sheria, Atupele. Timu ikizidi idadi, mwamuzi hachagui wa kutoka. Nahodha ndiye anayepunguza. Nyie mtapigiwa penalti. Pointi mlizopata kabla ya pingamizi hazifutwi, zinabaki zenu." Akashusha sauti. "Nikiwapanga nahesabu kumi na tano. Ukiniambia mko kumi na tano, nitakuamini, tuendelee. Useme wewe."

Penalti pale mbele ya magoli ni pointi tatu za bure. Nikikubali, tumepoteza mechi. Nikikataa, tunashinda, na nitakuwa naye kila skramu ya maisha yangu. Hilo la pili ndilo lililonivuta, nisidanganye. Nikatazama kwenye chaki. Bi Hajra hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kushoto kwa Firdausi, mahali pasipo na mtu, kama mama anayemsubiri mtoto amalize kucheza aje kula.

Nikaona aibu. Mimi nilimpoteza rafiki, nikamnyima Bi Hajra mtoto wake mara ya pili.

"Tuko kumi na sita, Mwalimu," nikasema.

"Anatoka nani?"

Wenzangu wote wameinamisha vichwa, hata Zuwena.

"Anatoka marehemu Swaumu," nikasema. "Marehemu Swaumu, nenda kwa mama. Kapumzike, shoga yangu. Pointi zako zinabaki."

Mwalimu akainua mkono kuelekeza chaki, kama anavyomtoa mchezaji yeyote. Kwenye tope zikaanza kujichora alama za njumu, moja baada ya nyingine, taratibu, za mtu aliyechoka. Hatukuona mtu. Zilipofika mbele ya Bi Hajra zikaishia hapo. Yule mama akaifungua kanga yake, akaifunga tena juu ya kitu, akabaki amekikumbatia.

"Aliyetoka harudi mpaka mimi nimruhusu," Mwalimu Laurean alisema kwa sauti ndogo. "Na sitamruhusu."

Zuwena alipiga penalti, ikaingia. Tulifungwa kwa pointi moja. Hakushangilia, alikuja kunishika mkono tu.

Baadaye nilimfuata Bi Hajra nyumbani kumwomba radhi. Alivuta sanduku kutoka uvunguni, akalifungua mbele yangu. Viatu vilikuwa vikavu, vimepauka, vumbi la zamani limeganda kwenye uzi wa kijani. Akanipa nivishike. Nilivipakata, nikaupitisha uzi wa kijani vidoleni.

"Marehemu alikuwa na miguu mikubwa," nikasema.

"Ya baba yake," alijibu Bi Hajra, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka kicheko kikatugeukia, tukalia kama siku ya mazishi ambayo mimi sikulia.