Maneno ya Kibao cha Bibi

Katika ukoo wetu hakuna anayemjua Bibi kuliko mimi. Ndivyo nilivyomwambia shangazi mbele ya watu, mdomo umenitangulia kama kawaida yake. Maktaba ya mji ilitaka kukipa chumba cha watoto jina la Bibi, mkutubi wao wa kwanza mwanamke, na familia ilitakiwa kupeleka maneno ya kuchongwa kwenye kibao.

"Basi kazi ni yako, bingwa," akasema shangazi. "Usituaibishe."

Nikaona ni mteremko. Bibi si yupo, anaota jua mlangoni? Nikavuta kigoda.

"Bibi, nisimulie ya maktabani."

Akaninyooshea kiganja. "Kadi."

"Ni mimi, Bibi. Mjukuu wako."

"Bila kadi huazimi."

Uzee umempokonya majina yetu sote, ukamwachia kadi. Nikakata boksi la dawa ya meno, nikaandika jina langu. Akakigeuza kile kipande, akanirudishia. "Hakina mhuri." Kesho yake nikachora mhuri kwa wino. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mhuri wangu naujua."

Nikakimbilia maktaba. Waliofanya naye kazi, wengine wamezikwa, wengine wamehama. Mkutubi wa sasa, binti wa rika langu, akasema, "Sisi tulikuwa tunawategemea ninyi."

Kila jioni shangazi anauliza, "Vipi, bingwa?"

"Mambo yanaiva."

Chungu chenyewe hakina hata maji. Mwisho nikatunga: *Mpole kama maji ya mtungini, hakuwahi kumkemea mtoto.* Fundi akachonga.

Siku ya uzinduzi tukamketisha Bibi mstari wa mbele, pazia likavutwa, makofi yakalia. Mzee seremala, aliyezitengeneza rafu za mle ndani, akakisoma kibao taratibu, kisha akanisogelea.

"Mjukuu, huyu ni nani?"

"Bibi."

"Utotoni Bibi yako alikuwa akinifukuza humu kila nilipocheka. Nikirudi kesho yake, nakuta kitabu changu mezani, kimefunuliwa palepale nilipoishia. Mimi kusoma nimejulia hapo." Akagusa skrubu za kibao, zimekazwa barabara. "Haya umeyatoa wapi?"

Nikamtazama shangazi, alikuwa amesikia. Nikamgeukia Bibi kwenye kiti chake, labda ataniokoa. Makofi yakalia tena. Bibi amekunja uso, kidole mdomoni, anatukemea sote tunyamaze.