Mtoto Asiyekuwa na Jana

Kaka yangu Venyamin alimleta binti yake kwangu mwishoni mwa Agosti, kwa mashua ya kituo, akiwa amemvika suruali yake mwenyewe iliyokatwa miguu na kufungwa kwa kamba.

"Kapa, huyu hapa," akasema. "Kusoma anajua, kuhesabu anajua, mawingu yote anayajua kwa majina. Hizo nywele utajua wewe cha kuzifanya, kazi yako hiyo."

Akambusu mtoto kichwani, akarudi mashuani kabla maji hayajapwa. Mtoto hakulia. Alisimama gatini akitazama upepo unatoka wapi.

Jina lake Ustinya, sisi tulimwita Ustya, na alikuwa na miaka saba. Kule rasini, penye kituo cha hali ya hewa, aliishi na wanaume wawili tu: baba yake, na baba yetu sisi, mzee Lavrenti, aliyekataa katakata kuhamia mjini. Mama yake, Faina, alikufa kwa homa ya mapafu mtoto hajaanza kutembea vizuri. Bahari ilikuwa imeganda, tufani ilikuwa imefunga anga, na hakuna chombo kilichoweza kufika.

Jioni ile ya kwanza nilimwekea pai ya samaki, nikatoka kwenda kuchota maji. Niliporudi, sahani ilikuwa nyeupe.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, shangazi. Na chai nimekunywa. Na sahani nimeosha."

Nusura ndoo inidondoke. Kwa lugha yetu, mtu akisimulia alichofanya, kitenzi chenyewe humtaja ni nani: mwanamume hukomea kwenye l, mwanamke huongeza a. Akingoja mwanamume ni zhdal, akingoja mwanamke ni zhdala. Na huyu mtoto alikuwa amekula, amekunywa na ameosha sahani kama baharia.

Nilicheka, nikajua mara moja ameyatoa wapi. Mzee Lavrenti alimwita "kijana wangu" tangu akiwa kwenye nepi, akamsemesha kiume kwa utani mpaka utani ukazoeleka. Na Venyamin ni mtu wa amri tu: njoo, kula, vaa, lala. Amri hazina mwanamume wala mwanamke.

Mimi nilikuwa msusi, na saluni yetu ndiyo iliyokuwa gazeti la mji. Haikupita wiki, Polina Savvichna, aliyekuwa anakuja kila Ijumaa kuwekwa mawimbi, akaniuliza akiwa chini ya mkasi:

"Kapitolina, huyo mtoto wa kaka yako ni wa kike kweli? Nimemsalimia, kaniambia ameanguka kama dereva wa lori."

"Ni wa kike, Polina. Ulimi wake ndio wa kiume."

"Basi unyooshe mapema, bibi wee. Ukikomaa haunyooki."

Shule ilipofunguliwa nikamvika gauni la kahawia na aproni nyeusi kama wenzake. Kichwa kilikuwa bado kama cha askari, nywele hazijaota. Siku hiyohiyo Rudik, mtoto mmoja mwenye masikio makubwa na mdomo mkubwa zaidi, alimwita "kidume cha gauni," na darasa zima likalichukua.

Mwalimu wao, Nonna Arkadyevna, hakuwa mbaya. Alimweka kando akamweleza: wewe ni msichana, ongeza a. Ustya alipenda kanuni, amelelewa na vipimajoto. Akaongeza. Lakini vitenzi vyetu vifupi vina hila yao: ile a ya mwanamke huvuta uzito wote wa sauti kuja mwishoni. Mwanamume aliyeishi mahali ni zhil. Mwanamke ni zhila, na sauti lazima ianguke kwenye a. Ukiiangusha mwanzoni, husemi tena kwamba uliishi. Umetaja mshipa, ule mgumu ambao mchinja nyama huutupia mbwa.

Mwalimu akamuuliza mbele ya wote, "Ustya, zamani uliishi wapi?" Akasimama wima, akajibu kwa sauti ya kituo cha hali ya hewa, na kila mtu akasikia: "Mimi mshipa kule rasini."

Rudik alicheka mpaka akaanguka kwenye benchi. Tangu hapo "kidume" likasahauliwa, jina likawa Mshipa.

Mimi nilipata habari kutoka kwa Polina Savvichna, ambaye mjukuu wake alikuwa darasa hilo.

Baada ya hapo Ustya akatulia. Niliona ni utulivu mzuri; nikadhani ameizoea shule. Alinisaidia kumenya viazi, aliniambia kesho theluji itaanguka, na ilianguka. Ilinichukua muda kugundua kinachokosekana.

"Leo mmefanya nini shuleni?"

"Sasa tunasoma herufi ngumu."

"Na jana mliimba?"

"Kesho tutaimba tena."

Nikaweka kisu chini. Nikamjaribu upande mwingine. "Ile glavu yako nyingine iko wapi? Uliiacha wapi?"

Alifikiri sana. "Glavu haipo," akasema. "Nitaitafuta."

Kitenzi cha leo na cha kesho hakiulizi wewe ni nani. Mwanamume na mwanamke husema sawasawa. Ni cha jana tu kinachouliza. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameligundua hilo peke yake, na alichofanya ni kuitupa jana yote. Alikuwa anaishi kwangu bila kitu chochote kilichowahi kumtokea.

Nikachukua kisu changu tena. Nikamwacha.

Ikaja Februari. Nilikuwa namfunga Polina Savvichna vibanio nilipoitwa shuleni. Nilimwambia ajiangalie mwenyewe chini ya kofia ya kukaushia, nikatoka na aproni yangu.

Tangi la samaki la darasani lilikuwa limevunjika. Sakafu ilikuwa bado inapanguswa. Wakati wa mapumziko watoto wote walikuwa ukumbini, isipokuwa Ustya, aliyeonekana akiingia kutoka nje, viatu vina theluji.

"Simwiti mwongo," Nonna Arkadyevna akaniambia. "Anasema si yeye, na mimi niko tayari kuamini. Lakini nikimuuliza alikuwa wapi, ananyamaza. Nikimuuliza alifanya nini huko, ananyamaza. Wewe ungefikiri nini?"

Ustya alikuwa amesimama karibu na ubao, midomo imebanwa ikawa myeupe.

"Ustya," nikasema, "mwambie mwalimu."

Akanitazama.

Nikaomba kumchukua nyumbani. Nikamvua viatu, nikamkalisha kando ya jiko, nikampa chai na jemu.

"Haya. Hapa hakuna Rudik. Ulikuwa wapi?"

Akakoroga chai.

"Sema kama babu anavyosema, basi. Sema kiume. Mimi sitacheka."

"Mwalimu anasema haifai."

"Basi sema kike."

Akatikisa kichwa kwa nguvu, chai ikamwagika. "Hiyo ni ya mama."

"Nini ni ya mama?"

"Hiyo a." Akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu alipofika. "Baba anasema mama umerla. Babu anasema mama umerla. Hakuna mtu mwingine wa hivyo. Boti ni ya hivyo, jiko ni la hivyo, lakini mtu ni mama tu. Mimi sitaki."

Niliketi. Kwetu hata vitu husemwa kiume au kike, na boti na jiko ni vya kike. Umerla, amekufa, mwanamke. Wanaume wawili kimya, baridi miezi saba, na katika nyumba ile yote mwanamke mmoja tu alitajwa, kwa kitenzi kimoja tu. Redioni kulikuwa na sauti ya mama mmoja, lakini yule husoma habari za watu, hajisimulii yeye. Mtoto alikuwa amesikia mwisho wa wanawake, akaukataa. Ningekuwa mimi ningeukataa pia.

Sikuwa na hekima yoyote ya kumpa. Nikaanza kusema tu yaliyonijia.

"Asubuhi mimi niliamka," nikasema, na ile a nikaivuta ndefu. "Nikachelewa. Nikaunguza uji, wewe uliula ukakunja uso. Nikateleza mbele ya duka la mikate, nikaanguka kwa makalio, nikatukana. Nikamkata Polina sikio kidogo, nikamdanganya kwamba ni kibanio. Nikakimbia mpaka shuleni. Nikamwacha Polina chini ya kofia..." Nikakumbuka. "Mama yangu! Nimemwacha Polina chini ya kofia!"

Ustya akaacha kulia.

"Umemsahau?"

"Nimemsahau! Nilisahau, nikasahaula!" Nilikuwa nimepagawa, nikaongeza a hata pasipotakiwa. "Na niko hai, unaniona? Nimeanguka, nimeunguza, nimesahau, yote kike, na niko hai. Polina naye yuko hai, kama hajaungua."

Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama anga kabla ya kuamua ni wingu gani. Kisha akasema polepole, sauti ikiangukia mwishoni, mahali pake hasa:

"Nilikuwa nje. Nyuma ya jengo kuna kipimajoto. Nilienda kukisoma, maana nyumbani huwa tunasoma saa hiyo."

"Kikasema nini?"

"Kumi na tisa chini ya sifuri. Lakini kimetundikwa vibaya, kinapata joto la ukuta. Nje ni baridi zaidi."

Tukavaa makoti tukakimbia wote wawili saluni. Polina Savvichna alikuwa ameshajifungua vibanio mwenyewe, nywele zimesimama kama nyasi kavu, na aliyoniambia sitayarudia mbele ya watu.

Kesho yake Ustya alisimama darasani akasema alikuwa wapi na alifanya nini. Rudik akasema, "Mshipa kaanza kuongea!" Mwalimu akamgeukia: "Vizuri, Rudik. Na wewe ulikuwa wapi?" Akasema ukumbini. Akaulizwa ukumbini karibu na nani. Hakupata wa kumtaja, masikio yakawa mekundu, na mwishowe akasema ni begi lake lililogonga tangi, alikuwa analizungusha tu. Jina la Mshipa liliendelea kidogo mpaka masika, kisha likachoka lenyewe.

Sitasema kwamba mambo yalinyooka siku moja. Alipokasirika alirudi kwenye l ya babu yake, na mpaka leo akigonga kidole kwenye mlango hujisemea kiume. Lakini jana ilirudi. Tena ilirudi nyingi mno. Jioni nilisimuliwa kila kitu, hadi rangi ya kamasi za jirani yake wa benchi.

Barafu ilipoondoka, Venyamin akaja kumchukua. Tulimngoja gatini tangu asubuhi. Boti ilipogusa mbao, Ustya akakimbia, nywele sasa zimefunika masikio.

"Baba! Nilikungoja! Nilikungoja sana!"

Zhdala, akasema, mara mbili, na a ikaenda juu ya maji.

Kaka yangu alikuwa anafunga kamba. Aliifunga. Kisha akaifungua akaifunga tena, ametugeuzia mgongo, na mtoto amemshika koti kwa nyuma.

Mezani alikula bila kuinua macho. Halafu akamsogezea mtoto sahani ya uyoga, akakohoa, akamuuliza kama ameshiba. Na aliuliza kike. Nilisikia ulimi wake unakwama, kama mtu anayefungua mlango ulioganda.

"Nimeshiba," akasema Ustya. "Baba, mama alikuwa anafanya nini?"

"Anafanya nini lini?"

"Kabla. Shangazi anaunguza uji. Mama alikuwa anafanya nini?"

Venyamin alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Sikumtuma.

"Alikuwa anapiga mluzi," akasema mwishowe. "Babu yako alichukia, alisema pesa zitakimbia nyumbani. Akapiga zaidi." Akatwaa uyoga mmoja. "Alipanda vitunguu kwenye dirisha la kituo, vikaziba kioo, sikuweza kuona bahari. Nikavihamisha. Akavirudisha. Nikavihamisha tena, akanificha viatu."

"Alivificha wapi?"

"Kwenye pipa la unga."

Ustya akacheka. Kaka yangu akasema alishona pia, alishona vibaya. Aliimba, aliogopa mbwa mwitu, hakuogopa tufani. Alimtukana mkaguzi mmoja aliyekuja na helikopta, mkaguzi akaomba radhi. Vitenzi vilikuwa vinamtoka kimoja kimoja, kila kimoja na ile a yake, na baada ya kila kimoja alitulia kidogo kama anayesikiliza. Maji yalianza kupwa, boti ilikuwa inangoja, nami nikaongeza kuni kwenye jiko.