Kobe Wawili wa Mwisho

Simu ilipokuja kwamba Taratibu amegongwa na lori pale kwenye mzunguko, swali la kwanza lililomtoka Honi lilikuwa, "Na gari je?"

Hakuuliza "Mzima?" wala "Ameumia wapi?" Aliuliza gari! Fundi Sikio, aliyepiga simu, akasema, "Mtu yuko hospitali, mguu umevunjika. Gari wamelivuta mpaka hapa gerejini kwangu." Honi aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, lakini haya zenyewe hazikumziba mdomo. "Limeumia mbele au nyuma?"

Jamani, msimhukumu haraka. Honi na Taratibu walikuwa madereva wa teksi, na magari yao yalikuwa ya aina moja, ile yenye mgongo wa mviringo ambayo watu waliibatiza Kobe. Zamani mji ulijaa Kobe. Kisha kiwanda kikaacha kuwatoa, maduka yakaishiwa vipuri, na mmoja baada ya mwingine wakaishia uani kwa watu, kuku wakitagia kwenye viti. Wakabaki wawili tu, wa Honi na wa Taratibu. Ukiingia dukani ukaulizia kipuri cha Kobe, muuzaji alikucheka usoni, kisha akamwita mwenzake naye aje acheke.

Sasa giaboksi ya Honi ilikuwa mahututi. Rivasi ilikuwa imeshakufa kitambo, akawa anaegesha penye mwinuko tu, ili gari lirudi nyuma lenyewe kwa mteremko. Pasipo na mteremko alimgeukia abiria na kumwomba kwa sauti ya asali, "Samahani bosi, shuka unisukume kidogo." Wenzake kijiweni walimtania, "Huyu ndiye mwanamke wa msimamo, harudi nyuma!" Alicheka nao, tena kwa sauti, maana kulia mbele yao hakungemsaidia kitu. Lakini sasa hata gia ya tatu ilianza kuruka. Alikuwa ametafuta giaboksi madukani, mitandaoni, kwa wavunja magari wote, hata kwa wale Kobe wa uani, akakuta wamebaki maganda matupu. Mmoja alimwapia kwamba ya gari fulani ni pacha wake kabisa. Sikio alipoijaribu, hata tundu moja la bolti halikukutana na mwenzake.

Na Jumatatu alikuwa aanze kubeba watoto wa shule. Kazi hiyo aliihangaikia mwaka mzima, na mwenye shule alimwambia bila kupepesa macho: gari likizima njiani na watoto ndani, hata mara moja, asirudi tena. Nyumbani kulikuwa na mama yake na wanawe wawili, na wote walikula kwenye usukani ule. Giaboksi pekee iliyomfaa duniani ilikuwa ndani ya gari la Taratibu.

Alikwenda hospitali kwanza. Hapo tumpe haki yake.

Mke wa Taratibu alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, amepakata viatu vya mumewe, kimoja kimepasuliwa kwa mkasi ili kitoke mguuni. Kwa kuwa Taratibu alimwita Honi mdogo wangu, na alimaanisha hivyo, hawa wawili waliitana wifi tangu siku ya kwanza.

"Pole, wifi. Pole sana. Anaendeleaje?"

"Wamemchoma sindano ya maumivu, amelala. Watamtia vyuma mguuni." Alifuta pua kwa kiganja. "Wifi, afadhali umekuja. Kuna mtu wa vyuma chakavu anapiga simu kila saa, anataka kulibeba gari leo hii. Mimi hata pa kutilia maji sipajui. Nenda ukaliangalie. Ukisema linapona, tutajifunga mkanda, tutalitengeneza. Ukisema limekufa, basi tena."

Honi alikohoa kikohozi kisichokuwepo. "Si Sikio yupo pale? Yeye ndiye fundi."

"Sikio ni wa watu wote. Wewe ni wetu. Neno lako ndilo nitakaloshika."

Loo! Heri angemtukana.

Gerejini alikuta Kobe wa Taratibu ameinuliwa juu ya magogo, na uso wake haukutazamika. Rejeta ilikuwa imeingia ndani, boneti imejikunja, bampa hakuna, taa zote mbili zimetoka kama macho yaliyong'olewa, na mkono wa tairi la kulia umekatika. Pembeni, mtu wa vyuma chakavu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake akichokonoa meno, kreni tayari. Moyo wa Honi ukaruka kwa furaha. Limekufa! Kisha akaona haya tena, lakini kidogo kuliko mara ya kwanza.

Akaingia, akazungusha ufunguo. Injini ikawaka. Akakanyaga klachi, akasukuma gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote ziliingia laini, bila kelele, bila kuombwa. Akajaribu rivasi, na matairi ya nyuma yakazunguka hewani kurudi nyuma. Mwanamke mzima, machozi yakamlengalenga kwa ajili ya rivasi.

Alipotoka alimkuta Sikio chini ya gari na uzi. Alikuwa ameufunga pembe hadi pembe, akaufungua, akaufunga pembe nyingine hadi nyingine. Akatoka chini, akaushika uzi mahali penye fundo, akauinua mbele ya macho ya Honi.

"Sawasawa," akasema. "Urefu ni ule ule pande zote. Chasisi, uti wa mgongo wa gari, haikuguswa. Huyu anapona."

"Kwa rejeta ipi? Kwa taa zipi? Kwa mkono upi wa tairi?"

Sikio aligeuza shingo akatazama nje ya lango, pale Kobe wa Honi alipokuwa ameegeshwa kwenye mwinuko, sura yake nzima, boneti yake imenyooka, taa zake zinang'aa. Honi naye akatazama. Wa Taratibu alitaka uso, wa kwake alitaka tumbo. Mmoja angemla mwenzake, na hapakuwa na wa tatu.

"Mimi nafungua ninachoambiwa nifungue," Sikio alisema akijipangusa grisi. "Mambo yenu ni ya kifamilia. Mdomo wangu una kufuli."

"Dada, vipi?" mtu wa vyuma chakavu akapaza sauti. "Nipakie au nisipakie? Nina safari."

Simu ikalia. Namba ilikuwa ya wifi, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, imelewa dawa.

"Mdogo wangu. Uko nalo hapo?"

"Niko nalo, kaka. Pole, kaka yangu."

"Rejeta?"

"Imekwisha."

"Taa?"

"Hakuna taa. Boneti nayo hakuna."

"Injini?"

"Inawaka."

"Nilijua! Yule hafi kijinga." Akacheka, kicheko kikamuumiza, akaguna. "Giaboksi?"

"Nzima."

"Haya. Na chasisi?"

Sikio aliacha kupangusa mikono. Honi aliuona mchezo wote mpaka mwisho. Chasisi ikiwa imenyooka, vilivyobaki vinapatikana, na Taratibu alijua vinapatikana wapi. Angeomba. Angeomba kwa adabu zake zile zile, akiwa kitandani na mguu wenye vyuma, na yeye angekosa pa kusimama. Gari lenye giaboksi maiti ungelitetea kwa lipi? Angefungua boneti yake kwa mkono wake, na Jumatatu watoto wa shule wangepanda gari la mtu mwingine. Mama yake angemuuliza, vipi mwanangu, hujaamka?

"Imepinda, kaka."

Kwa mbali ilisikika toroli ya wodini ikipita.

"Sana?"

"Sana."

"Basi." Alivuta pumzi. "Mwambie huyo wa vyuma chakavu aende zake. Mpe wifi yako bei ile ile ambayo angetoa yeye, kisha lichukue. Afadhali litembee ndani ya lako kuliko liyeyushwe liwe masufuria. Na asante, mdogo wangu, kwa kwenda kuliangalia. Mwingine angenidanganya."

Honi alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Sikio alienda kuchukua spana bila kumtazama.

Jumatatu, giaboksi ya Taratibu ikiwa ndani ya Kobe wake, aliwabeba watoto wa shule, na gari likateleza kama limepakwa mafuta. Alipaswa kufurahi. Alipopita gerejini ili gari likazwe bolti, Sikio alimwambia kutoka chini ya gari, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mngeweza kupata gari moja zima la wote wawili, mkaendesha kwa zamu. Yeye angekuwa kitandani kwanza, ungelishika wewe."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliniuliza?"

Ala! Honi alimtukana tusi ambalo sitaliandika hapa, akalipa, akaondoka. Usiku ule hakulala kwa ajili ya neno hilo moja, zamu. Jambo jepesi hivyo, na halikumpitia kichwani.

Siku Taratibu aliporuhusiwa kutoka hospitali, nani mwingine wa kumfuata? Honi aliosha gari, akasogeza kiti cha mbele nyuma kabisa ili mguu wenye plasta upate nafasi. Taratibu alikaa pembeni yake, magongo mapajani, mkewe nyuma na mabegi. Alikuwa amekonda, lakini domo lile lile. Kila gia ilipoingia alitikisa kichwa kwa raha. "Msikie! Msikie mwanangu anavyoimba!" Honi alicheka inavyotakiwa, macho barabarani.

"Nipitishe kwa Sikio," Taratibu akasema ghafla. "Nilione mara moja, nilizike."

"Kaka, utachoka. Siku nyingine."

"Mpitishe tu, wifi," mkewe akadakia. "Tangu jana anaimba wimbo huo."

Angesema nini? Akakata kona.

Bodi la Kobe wa Taratibu lilikuwa nyuma ya gereji, bado juu ya magogo. Taratibu alilizunguka kwa magongo, pole pole kama jina lake. Honi alisimama mbali akijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Sikio aliingiza kichwa kwenye injini ya mteja na hakukitoa.

Taratibu alifika mlango wa dereva, akaufungua. Kila aliyewahi kumiliki Kobe anajua: chasisi ikipinda hata kidogo tu, mlango haufungi tena, utaubamiza, utaupiga teke, utagoma. Taratibu aliusukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda, ukajifunga wenyewe, tik. Akaufungua tena. Akausukuma tena. Tik. Akaenda upande wa pili, akafanya vile vile.

Honi aliacha kujifanya. Alitamani Taratibu amtukane, apaze sauti, amrushie hata gongo.

"Vipi, baba?" mkewe akamuuliza. "Ndiyo imepinda hivyo?"

Taratibu alimtazama Honi, muda mrefu, kisha akamtazama mkewe.

"Imepinda," akasema. "Twende."

Walipofika kwenye gari, Honi alimfungulia mlango wa mbele. Taratibu akaupita. Alifungua wa nyuma mwenyewe, akajiingiza kwa shida, mguu akaunyoosha juu ya kiti. "Kaa mbele wewe," akamwambia mkewe. Njia nzima hakusema neno, na gia zilipoingia hakutikisa kichwa.

Nyumbani Honi aliruka nje kumpa mkono. Hakuupokea. Alishuka kwa magongo yake, akajiegemeza ubavuni mwa gari, akatoa pochi.

"Nauli kiasi gani, dereva?"

"Kaka... nauli gani tena?"

"Kiasi gani?"

Mkewe akaangua kicheko. "Huyu naye! Dawa bado hazijamtoka, wifi, msamehe."

Taratibu hakucheka. Alisubiri palepale juani, pochi wazi mkononi, mpaka Honi akataja bei. Akamlipa kamili, akamshukuru, akaingia ndani.