Zamu Tuliyoiacha

Maji ya kisima chetu yalianza kutoka ya vuguvugu mwaka jana, na tangu hapo sijapata raha. Kisima ni cha watu tisa wenye hisa, kwa hiyo zamu ya kila mmoja huja siku ya tisa. Maji yakipungua, tunaongeza bomba na kuishusha pampu. Mara ya mwisho tulifunga pampu kubwa zaidi, maji yakaja manene kama paja la mtu, na wanaume wakagawana sukari guru kwa furaha. Mimi niliyagusa, nikaingiwa na hofu. Maji ya joto yanatoka mbali sana chini, na chini kuna mwisho wake.

Mwaka huohuo binti mmoja wa chuo cha kilimo, Krupali, alikuwa akija uani kwangu kupima kila kitu: maji wanayokunywa nyati wetu wa maziwa, ya kuwaogesha, na ya kumwagilia majani yao ya lusini. Virsang, shemeji yangu, ambaye zamu yake hufuata yetu, alikuwa akimtania.

"Dada, nyati anakunywa ndoo nne. Unaandika nini kutwa nzima?"

"Ndoo nne ni za mdomoni, kaka. Nyingine anazila kwenye lusini. Hapa kwa Mama Jagdish, lita moja ya maziwa imemaliza zaidi ya lita elfu mbili za maji. Maji hayohayo mngemwagilia bizari, mngepata pesa zaidi."

"Bizari utaikamua asubuhi na jioni?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Kila siku nilibeba lita kumi na nane kichwani hadi kituo cha ushirika, nikijiona mwanamke hodari, kumbe nilikuwa nakibeba kisima.

Nilimsumbua Baba Jagdish wiki nzima.

"Unataka tuwe kichekesho cha kijiji?" aliuliza.

"Nataka watoto wetu wakute maji."

Mwishowe alikubali. Tulimuuza Kajri, nyati wetu mkubwa kuliko wote, kwa mchuuzi wa mifugo. Tuling'oa lusini tukapanda bizari, ambayo haina kiu, na zamu mbili mfululizo hatukufungua maji kabisa. Sheria yetu inasema zamu isiyofunguliwa ni ya anayefuata. Naijua tangu nilipoolewa hapa. Lakini nilidhani watu wataona haya.

Siku ya zamu ya tatu, ambayo nayo tuliiacha, nilienda shambani mchana. Upande wa Virsang, ardhi aliyokuwa haigusi ilikuwa imejaa lusini changa, na maji yamesimama hadi kwenye matuta. Chini ya mwarobaini alikuwa amefungwa Kajri. Aliponiona akalia, nami machozi yakanitoka.

"Yule mchuuzi alipitia kwangu, shemeji," alisema Virsang. "Na maji yako hayakupotea. Wewe endelea tu kuogopa, Mungu akubariki."

Kabla sijamtukana, bomba lilikohoa. Lilitema hewa, likanyamaza, likatema hewa tena. Tulisimama tukilitazama. Maji yaliporudi, yalikuwa na mchanga.

"Tutaongeza mabomba mawili," alisema, kwa sauti ndogo.

"Na wewe unaogopa."

"Naogopa sana. Ndiyo maana nayatoa sasa, kabla hayajaisha."

 Nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta Baba Jagdish anakula mkate wa uwele.

"Zamu ijayo tunafungua," nilimwambia. "Saa zote tunazopewa umeme, tusiache hata tone. Tunarudisha lusini."

Aliweka mkate chini. "Na kisima?"

Nilimwambia anyamaze, aende akatafute mbegu kabla duka halijafungwa.