Mstari wa Kwanza

Pale hospitalini walimwita Bingwa, na jina lenyewe lilimkaa kama shati la kushonwa. Ndiye aliyeitunza seva, ile mashine kubwa iliyohifadhi majibu yote ya maabara, ndani ya chumba chenye baridi ambacho mlango wake aliufungua kwa mbwembwe kana kwamba ndani mna dhahabu. Alikuwa kijana, alikuwa hodari, na mambo yote mawili aliyajua kupita kiasi.

Sasa ikawa kila asubuhi, wagonjwa wakishajaa kwenye mabenchi, mfumo unalegea. Daktari anabonyeza jina la mgonjwa, kiduara kinazunguka kwenye skrini. Mgonjwa anakohoa, kiduara kinazunguka. Mgonjwa anasinzia, kiduara bado kinazunguka. Mkurugenzi, mama asiyependa kurudia maneno, akaitisha kikao.

Bingwa hakwenda mikono mitupu. Aliandika amri yake kwenye kompyuta mbele ya watu, na ukutani ukatokea mstari mmoja wa tarakimu. Akausoma kwa kidole, safu moja baada ya nyingine.

"Hapa ni foleni ya kazi. Hakuna foleni. Hapa ni prosesa, ubongo wa mashine, imejilalia tu. Hapa ni muda wa kuingoja diski, ghala la majibu: sifuri. Mama, seva yangu imekaa barazani inapunga upepo. Ubaya uko njiani, kati ya seva na madaktari. Tazameni nyaya."

Watu wakageuka kumtazama fundi wa nyaya. Fundi huyo alikuwa mume wa dada yake Bingwa. Ndiye aliyemwombea kazi hapo hospitalini, na ni nyumbani kwake alikokuwa akila na kulala mpaka siku hiyo.

"Shemeji," fundi akasema taratibu, "zile nyaya nilizipima juzijuzi tu."

"Namba hazina shemeji," Bingwa akajibu.

Watu wawili watatu wakacheka. Alilipenda jibu lake. Alirudi nalo ofisini akilimung'unya kama peremende.

Mkurugenzi akakata shauri. Nyaya zote za jengo la wagonjwa wa nje zifumuliwe, zivutwe mpya. Ikionekana ndizo zilizokuwa na kosa, basi mkataba wa fundi umeishia hapo, na kazi atapewa mwingine.

Fundi akapanda darini. Korido nzima ikawa imefunuliwa vibao vya dari, na humo juu ilisikika miguu yake ikijikokota na kikohozi chake cha vumbi. Jioni alirudi nyumbani kope zimekuwa nyeupe, akanawa. Dada alimsubiri mumewe aende kulala, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Una hakika na yale uliyosema?"

"Dada, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Sikukuuliza utaalamu. Nimekuuliza kama una hakika."

"Nina hakika," Bingwa akasema, na mdomo wake ulikuwa umejaa chakula cha huyo huyo dada.

Asubuhi iliyofuata alitaka kuzichukua zile tarakimu tena, azitie kwenye taarifa yake. Safari hii, badala ya kuiagiza amri itoe mstari mmoja, aliiagiza ijirudie kila baada ya muda mfupi, akatoka kwenda kuvuta kiti. Aliporudi na kiti chake, alibaki amesimama.

Mstari wa kwanza ulikuwa ule ule aliowaonyesha watu ukutani: shwari, hakuna foleni, hakuna kungoja. Lakini mistari iliyofuata chini yake ilikuwa ya dunia nyingine. Kazi zimesongamana. Prosesa kweli haina shughuli, ila haikulala. Imekaa mikono kifuani ikiingoja diski, na diski imezidiwa na kazi. Akadhani amri imeharibika. Akairudia. Mstari wa kwanza mtamu, iliyobaki michungu. Akairudia tena. Vile vile.

Ndipo akafungua maelezo ya ile amri. Hakuwahi kuyasoma, amri yenyewe aliiokota kwa kuchungulia juu ya mabega ya wenzake, na tangu hapo akaona ameshaijua. Maelezo yalisema wazi, bila hata kupaza sauti: mstari wa kwanza si hali ya sasa, ni wastani tangu mashine ilipowashwa. Na mashine hiyo ilikuwa haijazimwa tangu mwaka jana. Usiku wote wa utulivu, sikukuu zote, Jumapili zote, zimechanganywa na hizi asubuhi za msongamano, kama kijiko cha pilipili kwenye tangi la maji. Alikuwa ameiuliza seva imeamkaje leo, ikamsimulia maisha yake yote, naye akaenda kuyatangaza kikaoni kama habari za asubuhi.

Masikio yalimwaka moto. Namba hazina shemeji! Aliisikia sauti yake mwenyewe, akatamani kuikaba koo.

Kisha akatafuta ni nani anayeisumbua diski, na jibu lilikuwa baya zaidi. Ni ile kazi ya kunakili majibu yote kwenda kwenye hifadhi ya akiba. Zamani ilifanyika usiku. Ni yeye aliyeihamishia asubuhi, baada ya kazi hiyo kukwama mara moja naye akakaripiwa, ili awe anaiona ikimalizika kwa macho yake.

Kimyakimya akairudisha iwe inafanyika usiku. Mfumo upone kwanza, alijiambia, maneno yatafuata.

Kesho yake kiduara hakikuzunguka kabisa. Ila kuna jambo hakulipigia hesabu: jana yake hiyo hiyo, jioni, fundi alikuwa amevuta waya wa mwisho. Mkurugenzi akamkuta Bingwa koridoni, akampiga bega.

"Ulisema kweli, kijana. Kumbe ni nyaya."

Bingwa akafungua mdomo. Kilichotoka ni: "Ahsante, mama."

Jioni alimkuta shemeji yake mlangoni, amekwishanawa, anamngoja yeye.

"Shemeji, unisamehe. Zile nyaya za zamani nimezitazama moja moja, nilipokosea sijapaona. Lakini mfumo umepona, kwa hiyo kosa lilikuwepo. Nimekutia aibu mbele ya wakubwa zako."

Bingwa hakula usiku huo. Dada aliitoa sahani bila kumuuliza kitu, na huko kutoulizwa kulimchoma kuliko kuulizwa.

Kulipokucha aliomba kikao kwa mkurugenzi, chumba kile kile, watu wale wale. Akauonyesha tena mstari wa kwanza ukutani, akaeleza ni nini hasa. Kisha, macho ya wote yakitazama, akaianzisha ile kazi ya kunakili. Mistari ikaanza kushuka, tarakimu zikavimba, na haukupita muda muuguzi akapiga kelele koridoni: "Jamani, mfumo tena!" Bingwa akaisimamisha kazi.

"Nyaya ni mpya zote," akasema. "Na mmeona wenyewe."

"Nani aliyeiweka kazi hiyo asubuhi?" mkurugenzi akauliza.

"Mimi."

"Na jana nilipokupongeza, ulikuwa unajua?"

Hilo ndilo swali aliloomba usiku kucha lisije.

"Nilikuwa najua, mama."

Safari hii hakucheka mtu. Mkurugenzi alichukua miwani yake mezani. "Fundi yupo, haendi popote. Wewe nitakufikiria. Kwa sasa korido yangu imefunuliwa kichwa kwa ajili yako. Nenda karudishe vibao vya dari, kimoja kimoja."

Akapanda ngazi akiwa na shati lake la ofisini. Fundi aliishika ngazi kwa chini, akawa anampa vibao. Vibao vikawa vinarudi mahali pake.

"Siku ile," fundi akasema mwishowe, "ungeniita tu pembeni. Hata mimi nisingejua cha kukujibu. Lakini ungeniita."

Bingwa akapokea kibao, akakisukuma mahali pake. Humo gizani panya akakatiza, vumbi likamwagika machoni mwake, akayumba.

"Huyo ni wa kwanza, usimtolee taarifa, shemeji," fundi akasema. "Ngoja kwanza apite wa pili."

Bingwa akacheka, akakohoa vumbi. Akanyoosha mkono kupokea kibao kingine. Korido ilikuwa bado ndefu, na baada ya korido kulikuwa na nyumbani, na nyumbani kulikuwa na dada.