Esnath Alipotoka Denmaki

Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yake, Esnath hakuwahi kutazama mechi hata moja mpaka mwisho. Si kwamba hakuujua mpira. Aliujua kupita kiasi, maana ulishaingia nyumbani kwake ukakaa kitako. Mumewe, Wilson, alikuwa mwenyekiti wa Kawetele Rangers. Mdogo wa Esnath wa tumbo moja, Nsajigwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Ibighi, jirani na Kawetele wilayani Rungwe, alikuwa mwenyekiti wa Ibighi Stars. Mashemeji hao walisalimiana misibani tu, na hata huko kwa ufupi.

Chanzo kilikuwa goli moja la mwaka 2014. Uwanja wa Kawetele haukuwa na nyavu, ukungu ulikuwa umeshuka, na mpira ulipita karibu kabisa na mlingoti ukapotelea kwenye shamba la chai. Kawetele wakasema umepita ndani. Ibighi wakasema nje. Refa wakati huo alikuwa anakung'uta maji kwenye filimbi yake. Akaweka mpira kati kuashiria goli, na mechi ilipokwisha akapanda pikipiki kabla hajaulizwa. Hakuna aliyeona vizuri, na hakuna ambaye hakuapa kwamba ameona.

Esnath alikuwa katibu wa kituo cha kukusanyia maziwa. Kila asubuhi wafugaji wa pande zote mbili walimletea madumu yao, akapima, akaandika, akamimina. Ushirika ulipopata nafasi moja ya mafunzo ya wiki tatu Denmaki, walipiga kura, jina likatoka lake. Huko alikaa kwa wazee wawili wafugaji, Karl na mkewe Inger, nje kidogo ya mji unaoitwa Herning.

Jumapili moja Karl alimwambia avae koti zito, akamviringishia shingoni skafu nyeusi na nyekundu, akampeleka uwanjani. Esnath hakutaka kumkatalia mwenyeji wake. Alikaa katikati ya mume na mke, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la wafugaji na maneno mawili: "Nawasalimuni wote."

Picha hiyo ndiyo iliyomletea kazi.

Aliporudi, ushirika uliitisha mkutano asikilizwe. Alikuwa amejiandaa kwa daftari zima. Akaanza na kuosha chuchu za ng'ombe kwa maji ya vuguvugu, akaenda kwenye kupooza maziwa mapema, na alipofika kwenye majani ya kukausha, mfugaji mmoja aitwaye Jairo akanyoosha mkono.

"Katibu, samahani. Ya chuchu tumeyaelewa. Ile timu?"

"Timu gani?"

"Ile uliyovalia skafu. Tunaomba historia."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeinuka kuondoka. Hata Wilson, aliyekuwa nyuma akijifanya anatazama simu, aliinua kichwa. Esnath akafunga daftari. Kwa bahati, Karl alikuwa hana habari nyingine zaidi ya hiyo, na kwa wiki tatu alimweleza yote kwa Kiingereza cha taratibu.

"Inaitwa Midtjylland," alisema. "Msijaribu kulitamka, mtaumia. Hapo kwao kuna miji miwili jirani, Herning na Ikast. Kila mji ulikuwa na timu yake tangu enzi za mababu, na walikuwa hawapendani. Ikast walicheza ligi kuu miaka mingi, ubingwa hawajawahi kuupata. Herning hata huko juu hawakukaa. Huyo Karl ni wa Ikast. Mkewe ni wa Herning. Anasema siku ya mechi chai kila mtu alijipikia mwenyewe."

"Kama nyumba fulani naijua," alisema mtu, na watu wakamgeukia Wilson.

"Basi mwaka tisini na tisa wafanyabiashara wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakasema tukiendelea hivi tutakufa wote. Wakaziunganisha. Karl alikasirika, akakaa mwaka mzima bila kukanyaga uwanjani. Lakini walifanya kwa akili. Jina hawakuchukua la Ikast wala la Herning, walichukua la eneo lote, maana yake katikati ya Jutland. Uwanja uko Herning. Chuo cha vijana kiko Ikast. Mwaka uliofuata wakapanda ligi kuu. Mwaka 2015 wakachukua ubingwa, na Karl, mzee mzima, alilia mbele za watu. Mwaka uliofuata wakawafunga Manchester United mbili kwa moja."

Jairo, aliyekuwa na kofia ya Manchester kichwani, akasimama. "Na marudiano je? Tuliwapiga tano! Sema yote, katibu!"

"Tano kwa moja," Esnath alikubali. "Karl alinisomea mpaka na hiyo."

Akaongeza jambo moja, kwa kuwa lilimshangaza mwenyewe. Wale watu walikuwa na mazoezi maalumu ya kurusha mpira kwa mikono. Ukitoka nje karibu na goli, wao walifurahi kama wamepata kona. Mtu anarudi nyuma, anakimbia, anaurusha hadi kwenye vichwa vya wenzake golini.

Mkutano ukaishia hapo. Kuhusu majani ya kukausha hakuna aliyeuliza tena.

Siku tatu baadaye Nsajigwa alitokea kituoni asubuhi, viatu vimejaa tope. Hakuwahi kufika pale tangu kituo kifunguliwe.

"Dada, ni kweli?"

"Nini tena, mdogo wangu?"

"Kwamba Wadenmaki wanakuja kununua timu ya Kawetele. Mjini habari zimeenea. Wanasema umeshatia sahihi."

Esnath alicheka mpaka akaweka chini dumu alilokuwa ameshika. Akamweleza alichosema na asichosema. Nsajigwa alisikiliza akikwaruza tope kwa kijiti. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, "Hao wa Ikast, walipoungana, mwenyekiti wao alipewa nini?"

Hapo Esnath akajua mdogo wake amechoka. Msimu uliopita Ibighi walikuwa wa nane, Kawetele wa tisa, katika ligi ya wilaya yenye timu kumi. Kila upande ulikuwa na wachezaji saba au wanane wa maana, na waliobaki walichezeshwa kwa sababu wana viatu.

"Njoo Jumapili ule chakula," alimwambia. "Usiulize nani mwingine atakuwepo."

Jumapili alipika mbalaga kwa nyama, zile ndizi za kwao alizokua akizila utotoni pamoja na Nsajigwa, akaweka na maziwa mgando mezani. Wilson alipotoka kanisani na kumkuta shemeji yake ameketi sebuleni, alisimama mlangoni.

"Mama Jenifer, huyu amefuata nini?"

"Amefuata chakula. Na wewe kaa ule."

Walikula. Esnath aliwaacha mpaka sahani zikapungua, ndipo akasema, "Haya. Sasa zungumzeni habari za kuunganisha timu."

Ikawa kama amefungua bomba. Wilson alisema wakiungana, uwanja lazima uwe Kawetele, wenye hewa. Nsajigwa alisema ule si uwanja, ni mteremko, mpira ukiutuliza unaondoka wenyewe. Wilson alisema jezi ziwe kijani. Nsajigwa alisema bluu. Wilson akarudi kwenye goli la 2014, na Nsajigwa akasukuma kiti chake nyuma.

"Kaa chini!" Esnath alisema, kwa ukali ambao hata yeye hakuutarajia. "Baba Jenifer, na wewe nyamaza. Kila siku asubuhi nachukua maziwa ya ng'ombe wa Kawetele na ya ng'ombe wa Ibighi, namimina kwenye tangi moja. Miaka saba sasa. Nani kati yenu amewahi kuja kuniambia nimtolee ya kwake?"

Nsajigwa akakivuta kiti chake kikarudi mezani.

"Mechi za nyumbani zichezwe Ibighi, kuna tambarare. Mazoezi yafanyike Kawetele, mlima utawapa pumzi. Jezi mtavaa nyeupe, hazina mwenyewe."

"Na jina?" aliuliza Wilson, akiwa ameshalainika kidogo. "Labda Maziwa FC."

"Shemeji, usithubutu," alisema Nsajigwa. "Watatunywa."

Wilson alijizuia, ikashindikana, akacheka. Nsajigwa naye akacheka, akaomba aongezewe mgando. Jioni ile walikubaliana jina liwe Rungwe Kati, na uenyekiti wapokezane mwaka hadi mwaka. Kurusha sarafu kumpata wa kwanza walikataa wote wawili, kwa kuwa hakuna aliyeiamini sarafu ya mwenzake, hivyo Esnath akaandika majina kwenye vikaratasi. Likatoka la Nsajigwa. Wilson alivigeuza vikaratasi vyote kuhakikisha havijaandikwa jina moja.

Mazoezi yalianza juma lililofuata, mvua ikinyesha kama kawaida. Siku ya kwanza wachezaji wa Kawetele walisimama upande wao na wa Ibighi upande wao, kama wageni wa harusi ya lazima. Kilichowachanganya ni Ackson.

Ackson alikuwa mpakiaji wa ndizi. Kutwa alisimama kando ya Fuso akiwarushia wenzake walio juu mikungu mizito, mmoja baada ya mwingine, bila kuhema. Mpira aliucheza vibaya, na Kawetele walimweka benchi kwa heshima tu. Wilson, aliyekuwa hajasahau ile habari ya kurusha, alimpa mpira akamwambia autupe golini kutoka kwenye mstari wa pembeni. Ackson akautupa. Ulipita juu ya vichwa vya watu wote, ukavuka goli lote na kutokea upande wa pili.

"Umeinua mguu," alisema Nsajigwa. "Hapo refa anawapa wapinzani. Miguu yote miwili ibaki chini, mpira utoke nyuma ya kichwa. Rudia!"

Ackson akarudia mara arobaini, na kila alipoutupa, watu wa pande zote mbili walikimbia kuugombania kwa vichwa. Baada ya saa nzima walikuwa wametapakaa tope kiasi kwamba jezi ya nani ni ipi haikuonekana tena.

Mechi ya kwanza walicheza Ibighi, na timu kutoka Kiwira. Esnath alikwenda, kwa sababu mumewe na mdogo wake wote walimwomba, na kumkubalia mmoja tu kungeleta vita nyingine. Mashabiki wa Kawetele walijipanga upande wa magharibi, wa Ibighi upande wa mashariki. Yeye alisimama nyuma ya kibendera cha kona, peke yake na mwavuli wake.

Kiwira walifunga mapema. Kipindi cha pili, zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ukatoka nje karibu na lango la Kiwira. Ackson akaufuta kwa shati, akarudi nyuma hatua sita, akakimbia, akaurusha. Mpira ulikwenda juu kidogo ya vichwa, kwa kasi, mabeki wa Kiwira wakitazamana. Mshambuliaji mmoja wa Ibighi aitwaye Idrisa akaruka, akaugonga kwa kichwa. Ukatulia nyavuni.

Uwanja ukanyamaza. Kawetele waliwatazama Ibighi: aliyefunga ni mtu wa Ibighi. Ibighi waliwatazama Kawetele: aliyerusha ni mtu wa Kawetele. Kwa sekunde mbili au tatu kila upande ulingoja mwingine ushangilie kwanza, na Idrisa mwenyewe alisimama mikono imening'inia, hajui akimbilie wapi.

"Goliii!" sauti ilitoka kwenye kona. "Goli letu! Mnashangaa nini?"

Ilikuwa ya Esnath. Mwavuli ulikuwa umeshamtoka mkononi, unabingirika kuelekea langoni, na yeye alikuwa anaruka na gauni lake la kitenge kama msichana wa shule. Ndipo uwanja mzima ukalipuka. Watu waliingia ndani kutoka pande zote, wakambeba Ackson, wakamwangusha, wakambeba tena. Refa alipiga filimbi mpaka akachoka.

Waliishia sare ya moja kwa moja. Wengine wangeona ni matokeo ya kawaida, lakini usiku ule Ibighi na Kawetele hawakuyazungumza kama matokeo ya kawaida. Msimu ulipokwisha Rungwe Kati walikuwa wa nne. Magoli saba yalitokana na mikono ya Ackson, na timu za wilaya zikaanza kuogopa kutoa mpira nje, zikaugandisha katikati ya uwanja.

Ugomvi haukwisha, ila ulihama. Siku hizi Nsajigwa hula kwa dada yake kila Jumapili, na yeye na Wilson hubishana juu ya golikipa. Mmoja anamtaka yule mrefu, mwingine yule mwenye mikono mizuri. Kikao cha mwisho cha mwaka kilimaliza ubishi mwingine tu, wa nani awe katibu wa timu. Jina lililotajwa na pande zote mbili lilikuwa la Esnath. Alisema hana muda, ana maziwa. Wakasisitiza. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: kikao chochote cha timu kiishe kabla ya saa kumi alasiri, kwa kuwa baada ya hapo ng'ombe wanakamuliwa, na ng'ombe hajui mwenyekiti ni nani.