Sisimizi wa Nasiba

Hajara alikuwa akikoroga uji wa futari nyumbani kwake Walukuba, sisimizi walipoanza kutoka chumbani kwa binti yake Nasiba, kila mmoja na chembe ya sukari. Chumba hicho hakikuwa na sukari. Aliingia akamkuta Nasiba sakafuni, jasho linamtiririka, na sisimizi wakichota sukari kifuani pake. Pakiti ya vidonge vyake vya kutuliza huzuni ilikuwa tupu. Hajara aliisukuma chini ya godoro, ndipo akaita boda.

Hospitalini, nesi Namwase alimpima. Sukari ya damu ilikuwa chini mno.

"Alikuwa anafunga, musawo," Hajara alisema. "Saumu tu."

Mficha uchi hazai, lakini Hajara alikuwa amezaa na bado akaficha. Aliogopa polisi na maneno ya msikitini. Zaidi alimwogopa mumewe Asadu. Nasiba alipokimbia kipigo cha Jibril, mume wake wa Mbale, Asadu alimwambia mvumilivu hula mbivu.

Namwase akaweka dripu ya sukari, na Nasiba akafumbua macho. Haukupita muda, sisimizi wakapanda mguu wa kitanda, wakaibeba yote. Nesi aliwafagia, akaweka nyingine. Wakarudi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikunja shuka lake ili wapite.

"Saumu haiwezi fanya hivi, mama," Namwase alisema. "Iko kitu unaficha."

Hajara alirudia kuwa ni saumu. Sukari ilipokwisha, sisimizi walianza kubeba joto la miguu ya Nasiba. Kisha wakabeba sauti yake, kidogo kidogo, hata akaita "mama" pasisikike kitu. Hajara hakuwahi kuogopa vile tangu azaliwe.

"Vidonge," alisema. "Vile vya huzuni. Amemeza vyote."

Namwase alimkimbilia daktari. Walimfunga Nasiba mashine ya moyo, wakakaa naye, dripu baada ya dripu, mpaka sisimizi wakatawanyika. Joto lilirudi. Sauti haikurudi. Daktari aliandika hivyo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baada ya Idi, Asadu na Hajara walimrudisha Nasiba Mbale, kwa mumewe huko Namakwekwe.

"Saumu ilimshinda," Asadu alisema mlangoni. "Sasa mzima, ila haongei."

"Si neno, mzee," Jibril alijibu. "Nyumba itatulia."

Nasiba alimgeukia mama yake, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu, na Hajara alielewa kila neno. Asadu alikuwa akimtazama. Hajara akamwambia binti yake avumilie, akapanda gari.